Sura ya Sita: Kimya cha Ubeti wa Tatu

Sajini alikuwa anaimba tena. Hakuimba kwa mdomo, maana hilo lilishapigwa marufuku. Aliimba puani, huku anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Inspekta alivumilia ubeti wa kwanza. Akavumilia wa pili. Ulipofika wa tatu, pale ambapo wimbo hukatika katikati ya neno na nchi nzima hubana pumzi, Sajini akafumba macho na kutulia tuli, kijiko kikining'inia hewani.

“Nikikukuta umefumba macho kazini tena, nakuhamishia trafiki ukasimame juani.”

“Samahani, afande. Ni ule mkato. Hata mtu awe na roho ngumu vipi…”

“Mwenye roho ngumu ndiyo mimi?”

“Sijasema hivyo, afande.”

“Umesema. Kunywa chai yako.”

Kituo kizima kilimwita Inspekta, mwanamke asiyepinda, Msumari nyuma ya mgongo wake, na waliozoeana naye walimwita hivyo hata usoni. Hakujali. Kilichomkera asubuhi ile ni faili lililokuwa mezani, jembamba, safi, limepangwa vizuri, na kila mtu akimhimiza alifunge.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mwimbaji maarufu, yule ambaye watu wote humwita Dhahabu, alimshtaki mama mmoja mjane, mpiga pasi wa mtaa wa nyuma ya soko. Mama huyo aliimba “Mlango Nimeuacha Wazi” kwenye harusi ya jirani, mtu akamrekodi kwa simu, watu wakarushiana, na wengine wakathubutu kusema kwamba anauimba vizuri kuliko mwenyewe. Mama alipoulizwa, akajibu kwamba mwenyewe ndiye yeye. Wimbo ulitungwa na marehemu mume wake, fundi seremala, wakauimba na kuurekodi nyumbani kwao miaka mingi kabla Dhahabu hajajulikana, na kaseti ya siku hiyo anayo. Akaitoa. Hapo ndipo mambo yalipomgeukia, kwa sababu maabara ya polisi ilisema kaseti ni ya kughushi: kasha lake la plastiki lilitoka kiwandani baada ya albamu ya Dhahabu kuwa sokoni.

Kwa hiyo sasa mama alikuwa na mawili tu. Akubali kushtakiwa kwa kughushi ushahidi, au leo saa tisa asimame kwenye studio ya Dhahabu, mbele ya kamera, asome karatasi iliyoandikwa na wakili. Inspekta aliichukua karatasi ile kwa ncha za vidole.

“‘Mimi nakiri,’” alisoma, “‘kwamba marehemu mume wangu aliiba wimbo huu na kunidanganya kuwa ni wake.’ Sajini, umeona? Marehemu! Yaani hata kaburini hawamwachi apumzike.”

“Lakini mama si amekubali mwenyewe kuisoma?”

“Amekubali kwa sababu ameambiwa achague kati ya karatasi na mahabusu. Hata wewe ungekubali. Na ungeimba juu yake.”

Sajini akanywa chai yake. Inspekta akaunganisha simu yake na spika ndogo ya mezani na kuanza kazi ambayo, kwa maoni yake, ingepaswa kufanywa siku ya kwanza kabla mtu yeyote hajaandika ripoti. Alisikiliza wimbo wa Dhahabu tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu akasikiliza nakala ya kaseti ya mama, ile iliyoletwa na maabara, wimbo peke yake bila maongezi yaliyoutangulia. Halafu akarudia, mstari kwa mstari, huyu kisha yule.

Dhahabu alikuwa na magitaa, kinanda, tarumbeta na wasichana wa kuitikia. Mama alikuwa na gitaa moja, na kwa mbali mtu anakohoa. Wimbo ulikuwa uleule. Lakini pale Dhahabu alipoimba “Mlango nimeuacha wazi, mpenzi, komeo la dhahabu nimelitoa,” mama aliimba “Mlango nimeuacha wazi, mwanangu, komeo la mbao nimelitoa.” Na pale Dhahabu alipoimba “Shuka lako nimelipiga pasi, mpenzi, kitanda hakijalaliwa,” mama aliimba maneno hayohayo, ila alimwimbia mwanawe.

“Hebu niambie,” Inspekta alisema. “Umeshawahi kuona mlango una komeo la dhahabu?”

“Ni wimbo, afande. Wanaremba.”

“Sawa, wanaremba. Sasa mwizi anaiba komeo la dhahabu analigeuza kuwa la mbao? Na mpenzi gani anayepigiwa shuka pasi? Shuka hupigwa pasi na mama yako.”

“Mke wangu ananipigia.”

“Muongo mkubwa wewe. Sikiliza hapa.”

Nakala ya maabara ilifika ubeti wa tatu. “Mlango nimeuacha wa—” mama aliimba, na sauti ikakatika. Basi. Ikawa mwisho. Ripoti ilisema kwa mwandiko mzuri wa kompyuta kwamba wimbo haukukamilika, na kwamba inaelekea mghushi alishindwa kuumalizia.

Inspekta akaupiga tena wa Dhahabu. “Mlango nimeuacha wa—” Kimya. Kimya kirefu, kile kinachowatoa watu machozi. Kisha Dhahabu akaanza mstari upya, tangu mwanzo, “Mlango nimeuacha wazi, mpenzi,” na vyombo vyote vikaingia.

“Wote wawili wanakatika kwenye neno lilelile,” Inspekta alisema polepole. “Silabi ileile. Mmoja anaendelea, mwingine anaishia hapo. Mtu anajisumbua kughushi, anafika kwenye mkato ambao ndio sifa ya wimbo, anazima mashine na kwenda kulala?”

“Labda na yeye machozi yalimkaba.”

“Chukua funguo za gari.”

*

Mtaalamu wa sauti wa maabara alikuwa kijana mpole, hedifoni shingoni, na meza yake ilikuwa na skrini zinazotosha kurusha ndege. Aliitoa kaseti kwenye mfuko wa vielelezo kwa adabu zote.

“Niliipiga mpaka mwisho, afande.”

“Mwisho upi?”

“Mwisho wake. Ikafika, mashine ikajizima yenyewe, tak.”

“Ukafanya nini?”

“Nikaitoa, nikairudisha kwenye mfuko, nikaandika ripoti.”

“Hukuigeuza?”

Kijana alimwangalia Inspekta, akamwangalia Sajini, akaiangalia kaseti. “Kuigeuza… namna gani?”

Sajini aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Inspekta hakucheka. Alishika ukingo wa meza.

“Kaseti ina pande mbili,” alisema. “Upande ukiisha, unaitoa, unaigeuza, unaendelea. Kila nyumba ilijua hivyo, watoto wadogo walijua hivyo! Na wewe umekaa na mitambo yote hii, umeandika kwamba mama wa watu ni mwongo na mume wake ni mwizi, kwa sababu hukuigeuza kaseti?”

“Hakuna aliyenifundisha, afande. Mimi nimeanza na simu.”

Alisema kweli, na hilo lilimuudhi zaidi, kwa sababu ripoti ilikuwa imepita kwa mkuu wake, na kwa mkuu wa mkuu wake, watu wazima wenye mvi waliocheza disko za kaseti enzi zao, na wote waliweka sahihi bila kuuliza upande wa pili uko wapi.

“Tuanze na kasha,” alisema, akiishusha sauti. “Lete kioo chako.”

Chini ya kioo cha kukuzia, vichwa vya skurubu vya kasha vilikuwa vimechubuka, kana kwamba vilifunguliwa kwa ncha ya kisu.

“Limewahi kufunguliwa?”

“Inaonekana, afande.”

“Na ukanda wa ndani unalingana na kasha?”

Kijana aliinama, akaangalia, akaangalia tena. “Hapana. Kasha ni la kiwanda kingine, ukanda ni wa kiwanda kingine. Ukanda ni wa zamani zaidi.”

“Na hilo hukuliandika?”

“Niliulizwa umri wa kaseti, afande. Nikasoma namba iliyo kwenye kasha.”

“Haya. Igeuze.”

Akaigeuza, taratibu, kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Kukawa na mkwaruzo, kisha mlio wa kitufe. Sauti ya mwanamume ikasema maneno machache. Mtu mwingine akacheka. Mwanamume akaongeza neno, gitaa likagongwa, na mama akaanza mstari upya, tangu mwanzo.

Sajini alikuwa ameacha kucheka. “Afande,” alisema, “hicho kicheko…”

“Nimekisikia. Usimwambie mtu. Hata mkeo anayekupigia pasi.”

*

Nyumba ya mama mpiga pasi ilikuwa na chumba cha mbele, cha kulala, na kile kidogo cha uani kinachotazama kamba za nguo. Binti yake, msusi, ndiye aliyefungua. Alikuwa na kitana mkononi na hasira usoni.

“Mmekuja kumchukua? Saa tisa haijafika.”

“Tumekuja kumsalimia. Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu,” mama alijibu bila kuinua macho. Alikuwa anapiga pasi shati jeupe la mtu, kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono. “Karibuni. Samahani viti vina nguo. Wewe, waondolee wageni hizo nguo.”

“Hawa si wageni, mama. Ni polisi.”

“Kwani polisi hawakai?”

Wakakaa. Inspekta aliuliza swali lililomchoma tangu maabara. “Mama, kaseti ina upande wa pili. Mbona hukutuambia?”

Pasi ikasimama. “Mwanangu, niliwapa kaseti nzima. Sikuwakatia kipande.”

Inspekta akafungua daftari lake.

“Umeisikiliza tangu mzee afariki?”

“Siwezi. Yumo ndani anaongea. Nilijaribu mara moja, nikazima. Nikasema polisi watasikiliza, ni kazi yao.”

“Na kasha? Mbona si la zamani?”

“Huyu hapa.” Mama alimnyooshea binti yake pasi. “Alikuwa mdogo, akaikanyaga. Nililia kama nimefiwa mara ya pili. Fundi redio akaliondoa lililovunjika, akauhamishia ukanda kwenye jipya.”

“Nimeambiwa hadithi hiyo maisha yangu yote,” binti alisema. “Sasa imetuponza kabisa.”

“Siku mnarekodi, nani alikuwepo?”

“Mimi nikiimba. Baba watoto na gitaa lake alilolichonga mwenyewe. Na Kijiti alikuwa anashika mashine. Mpangaji wetu, alikaa chumba cha uani. Mwembamba, ndiyo maana tulimwita Kijiti. Kodi alishindwa, tukamwambia kaa tu, ukipata utatupa. Alikula mezani kwetu kama mtoto wa tumbo langu.”

“Na huyo Kijiti yuko wapi sasa?”

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza. “Si huyo Dhahabu wenu? Mbona nilisema! Yule askari aliyeniandika maelezo alicheka. Eti kila mama mjini ana mtu maarufu aliyemlea.”

Sajini akainamisha kichwa. Maelezo hayo hayakuwa kwenye faili. Mtu aliyaona ni ya kuchekesha, akayaacha.

“Na wimbo aliimbiwa nani?”

Mama aliirudisha pasi juu ya kisimamio chake. Alizungumza taratibu, bila kulia. Kijana wao wa kwanza aliuza vifaa vya baba yake, msumeno, randa, patasi, vyote, akanywea pombe. Baba akamfukuza, akapiga komeo, akaapa hatamfungulia. Kijana akaenda migodini. Haukupita muda baba akaanza kujuta. Kuandika barua hakuweza, alikuwa na aibu, akachukua gitaa. Wakarekodi salamu upande wa kwanza, jinsi dada yake alivyoanza kutembea, jinsi jirani alivyojenga, na mwishoni wimbo. Kijiti akatengeneza nakala. Hii ya kwanza ikabaki nyumbani, nakala akapewa Kijiti ampe dereva wa lori anayekwenda migodini.

“Na kijana?”

“Hakujibu. Mpaka leo. Baba yake alikufa mwaka mmoja kabla ya wimbo huo kuanza kupigwa redioni, uso ameuelekeza mlangoni. Neno lake la mwisho alisema, ‘Amenisikia, ila hajanisamehe.’” Mama akaichukua tena pasi. “Sasa mnataka nikasome kwamba ni mwizi. Nimechoka, mwanangu. Nitasoma. Yeye ameshakufa, na huyu bado anaishi, sitaki asumbuliwe kwa kesi zangu.”

“Mama, ukisoma hiyo karatasi mimi siji!” binti alifoka. “Nasema siji!”

“Njoo,” Inspekta alimwambia. “Mje wote wawili. Na hiyo karatasi, mama, usifungue mdomo juu yake mpaka nikuambie.”

*

Studio ilikuwa na kuta za sponji, zulia jekundu na ubaridi wa kukata mifupa. Kamera zilishasimama. Kulikuwa na maikrofoni moja katikati, imeshushwa kimo cha mama, na karatasi juu ya kishikizo. Dhahabu alivaa nyeupe toka juu hadi chini. Alimpa mama mkono kwa ncha za vidole, kamera zikimwona, akamwambia, “Usiogope, mama, mimi nimeshakusamehe.” Binti akasonya, msonyo mrefu, na mtu wa sauti akaomba warudie kwa sababu umeingia kwenye mitambo.

“Kabla hamjaanza,” Inspekta alisema, “nina maswali mawili matatu ya kufungia faili.”

Wakili, mwanamume mwenye tai na subira ya kulipwa kwa saa, aliangalia saa yake. “Fupi, Inspekta.”

“Fupi kabisa. Wimbo huu uliutunga wapi?”

“Humu humu,” Dhahabu alijibu. “Peke yangu. Usiku ule nilikuwa nimeachwa.”

“Na ule mkato wa ubeti wa tatu? Sajini wangu huyu hulia kila siku, nimemwahidi nitauliza.”

Dhahabu alitabasamu, swali hilo alilizoea. “Machozi yalinikaba. Nikashindwa hata kulimaliza neno. Nikanyamaza, nikajikaza, nikaanza upya. Mtayarishaji akasema kiacheni hicho kimya, huo ndio moyo wa wimbo. Kitu kama hicho hakitungwi, Inspekta. Kinakutokea.”

“Kilikutokea wewe.”

“Mimi.”

“Na huyu mama, mlishawahi kuonana?”

“Leo ndiyo mara ya kwanza.”

“Mume wake? Hukuwahi kupanga kwao, chumba cha uani?”

Dhahabu alicheka kicheko chake, kile anachokiweka mwanzoni mwa kila wimbo, kinachopanda juu, kinakwama, kisha kinawaka tena kama pikipiki yenye mafuta machafu. Watoto mitaani hukiiga. “Mimi na vyumba vya uani! Hapana, dada yangu. Simjui huyu mama, simjui mume wake, nyumba yao siijui.”

Uso mkavu! Mama alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka alipo, na Dhahabu hakupepesa macho.

“Andika hivyo, Sajini. Dhahabu atie sahihi.”

Akatia, kwa madaha, kama anayesaini picha ya shabiki. Wakili alikuwa ameanza kukunja uso; alihisi kitu, ila alichelewa.

Inspekta alimwomba mtu wa sauti aupige wimbo wa Dhahabu kwenye spika kubwa. Mwenyewe akaweka mezani mashine ya kaseti aliyoiazima maabara, kaseti ikiwa imegeuzwa, ukanda umesimamishwa pale pale ulipoanzia. Alisubiri ubeti wa kwanza. Wa pili. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

“Mlango nimeuacha wa—” akaimba Dhahabu wa kwenye spika, na kikaja kile kimya.

Inspekta akabonyeza.

“Tayari? Kijiti, usiiangushe tena,” ikasema sauti ya mwanamume, nzito, ya karibu. Mtu akacheka: kikapanda juu, kikakwama, kikawaka tena. “Mama, anza tena pale mlangoni. Mtoto asikie vizuri.”

Gitaa likagongwa, na hapohapo, sambamba, sauti mbili zikaanza mstari upya, mwanaume kwenye spika na mwanamke kwenye kaseti, yeye akisema mpenzi na mama akisema mwanangu. Kimya na maneno vililingana kama droo na nafasi yake mezani. Inspekta akazima vyote viwili.

Binti alikuwa ameshika mdomo. Hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake tangu apate akili. Mtu wa sauti, aliyefanya kazi na kicheko kile kila siku, alikuwa anamwangalia bosi wake kama anamwona kwa mara ya kwanza.

“Kumbe hayakuwa machozi,” Inspekta alisema. “Kaseti iliisha. Upande wa kwanza ulijaa salamu, wimbo ukakatika, ukaambiwa ugeuze, ukaiangusha, ukacheka, mama akaanza upya. Ulipotengeneza nakala uliunganisha pande mbili, ukayafuta maneno ya mzee, na ukajifuta na wewe mwenyewe. Pakabaki tundu. Halafu ukaja kuimba hadi tundu lenyewe!”

“Kaseti hiyo imeshathibitika ni ya kughushi,” wakili alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

“Kasha lilibadilishwa, ukanda ni wa zamani, maabara itaandika upya leo hii. Na mwanamume unayemsikia alizikwa mwaka mmoja kabla albamu haijatoka. Ameuiba wimbo akiwa wapi, wakili? Na mteja wako aliyemo humo ndani anacheka, ametoka kutia sahihi sasa hivi kwamba nyumba hiyo haijui.”

Dhahabu alikuwa amekaa. Nguo nyeupe zilimkunjamana, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona ule wembamba wa zamani.

“Kijiti,” mama akaita.

Dhahabu aliangalia zulia.

“Kijiti, nakuuliza wewe. Nakala ya mwanangu ulimpa dereva?”

“Mama…”

“Ulimpa au hukumpa?”

“Lori lilikuwa limeondoka,” alisema kwa sauti ndogo. “Nikasema nitampa wa wiki inayofuata. Halafu nikawa nausikiliza. Ulikuwa mzuri, mama. Nikawa nausikiliza tu.”

“Kwa hiyo hakusikia.” Mama alizungumza kama anayehesabu nguo za mteja, moja moja. “Baba yake amekufa anaamini mtoto amekataa kumsamehe. Na mtoto hakusikia. Ulikuja mazikoni, Kijiti. Ulibeba jeneza. Ulijua, na ukabeba jeneza!”

Inspekta alikuwa ameshakamata watu wengi, wauaji wakiwemo, na alikuwa amejizoeza kutoonyesha hisia usoni. Safari hii alishindwa. Alitamani kumzaba kofi, kofi moja tu la kiserikali. Badala yake alimwambia Sajini asome haki za mtuhumiwa, na Sajini, aliyekuwa shabiki mkubwa wa Dhahabu kuliko wote mjini, alizisoma kwa ukali hata wakili akarudi nyuma.

“Inspekta, tuzungumze,” wakili alinong'ona. “Tunaondoa malalamiko. Mama hatasoma chochote. Tunakwenda kimya kimya, kila mtu na heshima yake.”

“Kimya!” Inspekta alifoka. “Mmekula kimya cha watu miaka yote hii, bado mnataka kingine?”

Mama alikuwa amesogea kwenye maikrofoni. Aliichukua ile karatasi ya wakili, akaikunja mara mbili kwa mstari ulionyooka, akaibana kwapani. Akauliza kama hiyo kamera inafika migodini. Mtu wa kamera akasema inafika popote penye simu. Akauliza kama imewashwa. Akaambiwa haikuzimwa.

“Mwanangu,” mama akasema, akiitazama kamera. “Ule wimbo unaousikia kila mahali ni wako. Aliyeutunga ni baba yako, alitaka urudi nyumbani. Usimsikilize huyu anayesema dhahabu. Komeo ni la mbao, alilichonga mwenyewe, siku ile akalitoa. Na mimi sijalirudisha.”